Wa Kubadilishana Naye

Kama hujawahi kuwa mtumishi wa serikali kijijini, huenda hujui kwamba sisi tunatafutana kama wachumba. Uhamisho wa kuomba peke yako haupatikani. Utaandika barua mpaka kalamu ikauke, na jibu ni lile lile: kituo hakina mtu wa kuziba pengo lako. Njia inayobaki ni kumpata mtu wa kada yako, aliye mahali unapopataka wewe, naye awe anapataka hapo ulipo. Mnaandika barua moja, mnasaini wote wawili, mnaipeleka kwa waajiri wenu, mnabadilishana vituo. Kuna makundi ya WhatsApp kwa ajili ya kazi hiyo tu. Mimi nilikuwa kwenye makundi matatu, na kwa miaka minne tangazo langu lilikuwa halijabadilika hata nukta: Nesi, Serengeti vijijini, natafuta wa kubadilishana naye kutoka Tarime mjini au karibu na hapo.

Miaka minne! Kuna watu wameoana, wamezaa na wameachana ndani ya miaka hiyo, mimi bado natafuta.

Hakuna aliyekuwa anapataka nilipo, na siwalaumu. Zahanati yetu iko Nyabisenga, unapita Kenyamonta na kuendelea, kwa pikipiki kama hakuna mvua, kwa miguu kama ipo. Mara moja moja mtu alinijibu kwenye simu: Kituo kikoje? Nilikuwa namweleza ukweli, kwa sababu nililelewa na mama mkali. Nikimaliza kueleza, mtu hajibu tena.

Kwa maandishi tunatakiwa kuwa watumishi watano. Nilipofika tulikuwa wawili, mimi na tabibu Nikodemo. Nikodemo alienda masomoni, akaniahidi kwamba atarudi baada ya miaka mitatu, ila kwa jinsi alivyobeba mpaka mapazia ya nyumba nilijua harudi huyo. Nikabaki na Agustina, mhudumu wa usafi ambaye hulipwa na kijiji pale kijiji kinapokuwa nacho, na kisipokuwa nacho hupewa debe la mahindi na ahsante nyingi. Kwa hiyo mimi ndiye mganga mfawidhi, mimi nesi, mimi mkunga, mimi mchoma chanjo, mimi mwenye funguo za stoo ya dawa, na mwisho wa mwezi mimi ndiye mwandishi wa ripoti zote za watu watano wasiokuwepo. Mshahara unaoingia ni wa mtu mmoja, na wala si mkubwa. Daraja langu lilitakiwa lipande mwaka juzi, halijapanda. Fomu za posho ya kazi za ziada nimezijaza mpaka mkono unaandika wenyewe, na posho sijawahi kuiona. Likizo ya mwisho nilienda siku tano kumzika baba.

Lakini sikutaka kuondoka kwa sababu ya mshahara. Tarime mshahara ni huo huo. Mwanangu Beatrice ana miaka saba, anaishi Tarime kwa mama yangu, naye anamwita bibi yake mama na mimi ananiita Boke kama wanavyoniita wakubwa. Linaniuma, ila hata hilo nilikuwa nimelizoea. Nilitaka kuondoka kwa sababu ya kitu kilichotokea mwezi wa tatu.

Wiki ile walikuja wajawazito mfululizo, siku ya pili hadi ya tatu sijaweka ubavu chini. Asubuhi ya siku ya nne, saa tano, jua linawaka, akaletwa Mokami, mama wa watoto watatu, huyu alikuwa wa nne. Mambo yalikwenda vizuri. Nikavaa glavu, nikasimama miguuni pake, nikamwambia asukume. Nakumbuka nikimwambia asukume. Kinachofuata nakumbuka nimevutwa shingo. Nilipofumbua macho, Mokami alikuwa amejiinua kwa kiwiko kimoja, mkono mmoja ameushusha kupokea kichwa cha mwanawe, na kwa mkono mwingine amenishika mimi kola ya gauni. Nilikuwa nimelala usingizi, nimesimama wima, na glavu mkononi.

Mtoto alilia, Mungu mkubwa. Mokami akaniachia kola. Alinitazama. Nilikata kitovu, nikamfunika, nikatoka nje, nikavua glavu nyuma ya choo. Pale nyuma ya choo nilielewa kwamba nitaua mtu. Kilichobaki ni siku tu. Nitaua mama wa mtu au mtoto wa mtu, na kijiji kitanisamehe kwa sababu kinanipenda, na hilo la kusamehewa ndilo lilinitisha zaidi.

Mwezi wa nane Erasto akaandika.

Alikuwa nesi wa zahanati iliyo pembeni ya mji wa Tarime. Mke wake mwalimu, amepangiwa shule ya Mugumu, mji wa wilaya yetu ya Serengeti, wana watoto wawili wadogo, na familia ilikuwa imekatika vipande viwili. Alitaka popote ndani ya Serengeti. Popote! Nililisoma neno hilo nikiwa napima uzito wa mtoto, nikarudia kumpima mara mbili. Kisha likaja swali lao: Kituo kikoje, dada?

Nikaandika: Kituo kizuri, watu wakarimu.

Hilo la pili lilikuwa kweli. Erasto akajibu kwamba amefurahi sana, atakuja Alhamisi akione, na akiridhika tutasaini hapo hapo. Nikaenda Kenyamonta siku hiyo hiyo kuchapa barua. Sehemu yangu nikaisaini nikiwa bado nimesimama kwenye kibanda cha stesheneri, nisije nikaamka kesho nikiwa na dhamiri.

Sikupanga kumdanganya Erasto kwa mdomo. Nilipanga kituo kimdanganye chenyewe. Kitanda cha kujifungulia kilikatika mguu mwaka uliopita na kimesimama juu ya matofali, nikakiburuza stoo, nikakifunika kwa maboksi, na mahali pake nikaweka kitanda cha wodini chenye shuka jipya. Tangi la maji lina ufa, haliwezi kushika hata tone, kwa hiyo kila mama anayekuja kujifungua huja na madumu yake mawili ya maji kutoka mtoni. Nikamlipa mtu wa pikipiki ajaze mapipa yote mpaka juu. Betri ya sola inakufa jua linapozama, lakini mgeni angekuja asubuhi. Nyumba yangu ina popo darini, nikawafukiza moshi siku mbili. Alhamisi siyo siku ya kliniki wala ya chanjo, wagonjwa huwa wachache. Mvua hakuna. Nilikuwa nimepanga kila kitu isipokuwa watu.

Jumatano Agustina alinikuta nimepiga magoti nasugua sakafu ya korido kwa brashi ya waya.

"Sista, kuna mgeni?"

"Kuna mtu anapita kesho."

"Wa wilaya?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema hapana. Nilisema, "Ni mtu wa afya tu, Agustina. Lete maji."

Alivua kandambili, akachukua brashi ya pili, akapiga magoti kando yangu, tukasugua wote mpaka mlangoni. Sikumwambia, na nitaeleza kwa nini. Nesi aliyenitangulia alipopata uhamisho wake, kijiji kilijua mapema. Walimfuata mpaka wilayani, akina mama na watoto mgongoni, wakalala nje ya ofisi, wakamrudisha. Alikaa miaka miwili zaidi na akaondoka bila kuaga. Mimi nilijua kwamba Nyabisenga wakisikia, sitatoka. Nikaona afadhali wanichukie nikiwa nimeshafika Tarime.

Lakini Agustina amefanya kazi zahanati ile miaka kumi na moja. Katika miaka hiyo, sakafu ilisuguliwa namna ile kwa sababu moja tu, nayo ni ukaguzi. Mapipa yalijazwa kwa sababu hiyo. Shuka jipya lilitandikwa kwa sababu hiyo. Na mimi mwenyewe, kwenye mkutano wa kijiji wa mwezi wa sita, nilikuwa nimepandwa na hasira nikasimama mbele ya watu wote.

"Wakubwa wa afya wakija," niliwaambia, "mnakaa mnapiga makofi kama mko harusini. Wakishaondoka mnakuja kulia kwangu. Mimi ndiye nitachimba kisima? Mimi ndiye nitajizaa niwe wawili? Siku mkimwona mtu wa afya hapa, msinyamaze! Msinyamaze hata kidogo! Mwambieni kila kitu!"

Walinipigia makofi siku hiyo, mengi sana. Nilifikiri yameishia hapo.

Erasto alifika Alhamisi saa nne asubuhi, amefunga kitambaa usoni kwa ajili ya vumbi. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya chini, mtu wa kuomba samahani kabla ya kukaa. Nilimpenda mara moja, jambo lililonisumbua. Alikitembelea kituo kama nesi anavyotembelea kituo: akaangalia kipimajoto cha friji ya chanjo, akafungua kabati la glavu, akabonyeza godoro la kitanda kwa kiganja, akafungua bomba la ndoo na kutazama maji yakitoka. Kila kitu kilimwitikia vizuri. Mgonjwa alikuwa mmoja tu, mzee wa kikohozi, nikamhudumia mbele yake kwa utulivu kama wa nesi aliyelala usiku kucha.

Tukakaa chumba cha daktari tukanywa chai na viazi vitamu.

"Pana utulivu huku, dada Boke," alisema. "Sisi Tarime tuko wanne na bado tunakimbizana. Bodaboda tu wanatumaliza, kila siku mguu, kila siku kichwa."

Wanne. Nilitamani kulirudia neno hilo kwa sauti. "Huku ni utulivu," nikasema.

"Na wenzako wako wapi leo?"

"Mmoja yuko masomoni." Hilo nalo lilikuwa kweli.

Aliniambia kwamba mtoto wake mdogo ana miezi minane na hajamwona akikaa. Ameonyeshwa tu kwenye simu. Kutoka hapa mpaka Mugumu, alisema, ataweza kwenda kila Jumamosi. Nikamwambia ataweza. Nikatoa barua kwenye droo, nikaiweka mezani, nikailainisha kona iliyokunjika. Sahihi yangu ilikuwa kushoto. Yeye akatoa kalamu mfuko wa shati, akatafuta mstari wake kwa kidole, akaishusha kalamu kwenye karatasi.

Na nje sauti ya mtu mzima ikasema, "Hodi hapa!"

Erasto akainua kalamu. Ilikuwa imegusa karatasi, ikaacha nukta moja ya bluu.

Nilitoka mlangoni. Mzee Tomaso, mwenyekiti wa kijiji, alikuwa amesimama kwenye ngazi amevaa koti lake la kanisani. Nyuma yake kulikuwa na watu thelathini, labda arobaini, wanawake wengi zaidi, wengine na watoto mgongoni, na wawili walikuwa na madumu ya njano kichwani. Mbele yao wote alikuwa Agustina, amevaa aproni safi, uso unang'aa kwa furaha. Sikuwa nimemwona akitoka. Alikuwa ameenda mbio kuwaita.

"Shikamoo, mzee," Erasto alisema nyuma yangu. Alikuwa amesimama, kwa adabu zake.

"Marahaba, mura, kijana wangu. Karibu Nyabisenga. Tumesikia umekuja, na hatutaki urudi na chai ya sista peke yake. Safari hii tumekubaliana hatutanyamaza."

Mzee Tomaso akatoa karatasi ya daftari mfukoni, akaikunjua.

Nikafungua mdomo. Nilisema, "Mzee, huyu siyo..." na watu arobaini wakanigeukia kusikia huyu siyo nani. Ningesema nini? Kwamba huyu siyo mkaguzi, huyu ni mtu ninayetaka kumwachia ninyi ili nikimbie? Wanawake wale nimewazalisha karibu wote. Nikafunga mdomo, na nafasi ile ikapita. Haikurudi tena.

"Namba moja," Mzee Tomaso akasoma, "nesi ni mmoja. Mmoja! Usidanganywe na mtu kwamba wako wengine. Yule tabibu alishaondoka na hatarudi, mke wake ametuambia. Namba mbili, nesi huyu hajaenda likizo tangu amzike baba yake, na sisi tulichanga nauli."

"Namba tatu maji!" akadakia mwanamke mmoja mwenye dumu, hakungoja karatasi. Akaliteremsha dumu lake, akaliweka miguuni pa Erasto. "Hili ndilo tunazalia. Ukija hapa kujifungua bila madumu mawili, huoshwi. Umeyaona mapipa yamejaa leo? Sista amelipa pikipiki kwa fedha yake. Kesho kutwa hayana kitu."

Erasto alinitazama. Hakunitazama kwa hasira, ningeifurahia hasira. Nilitazama vidole vyangu.

"Popo," akasema mwingine. "Nyumba yake ina popo mpaka wanakojoa kwenye chakula."

"Umeme unaisha jua likizama. Anazalisha kwa tochi ya simu, ameing'ata kwa meno."

"Agustina," Mzee Tomaso akasema, "fungua stoo, mwonyeshe kitanda."

Nikamwambia Agustina aache. Hakunisikia, au alifikiri nina aibu ya kawaida ya mtumishi mbele ya wakubwa. Akafungua, akaondoa maboksi yangu moja moja, akakiburuza kile kitanda mpaka kwenye mwanga, akarudi kuleta na matofali yake, akayapanga chini ya mguu uliokatika, kwa usahihi, kama tunavyoyapanga kila siku. Erasto aliinama akatazama. Akabonyeza kwa kiganja kama alivyobonyeza kile kingine. Kikayumba.

Ningeweza kuvumilia hata hapo. Bado nilikuwa najiambia kwamba ana mke Mugumu, ana mtoto hajamwona akikaa, atavumilia kitanda. Ndipo Mokami akapita mbele, amembeba yule mtoto aliyezaliwa mwezi wa tatu, amenenepa, amevaa kofia ya sufu kwenye jua lile.

"Na hili uandike, kaka," alisema. Hakuwa mzoefu wa kusema mbele za watu. "Huyu mtoto nilimpokea mwenyewe. Siyo kwamba sista ni mbaya. Sista alikuwa hajalala siku tatu. Alisinzia amesimama, hapo miguuni kwangu, nikamshika kola asianguke na mtoto asianguke. Sijamwambia mtu, hata mume wangu. Nilimwonea huruma. Nasema leo kwa sababu wewe unaweza kumletea mwenzake."

Kisha mama mmoja mzee akaanza kulia, akaja akanishika mkono, akawa anaupapasa na kusema, "Pole, mwanangu, pole, hatukujua." Nami nililia. Walifikiri ninalia kwa sababu hatimaye limesemwa. Nilikuwa nalia kwa sababu nilimwona Erasto akiirudisha kalamu mfukoni na kuibana vizuri.

"Nimesikia, wazee wangu," akasema. "Nimesikia yote."

Hakusema uongo na hakusema ukweli. Makofi yakapigwa, safari hii ya watu waliofanya kazi. Wakamletea kuku, jogoo mwekundu aliyefungwa miguu, naye akampokea kwa mikono miwili na kushukuru. Nikamsindikiza mpaka kwenye pikipiki. Dereva alikuwa amelala chini ya mti, ikabidi tusimame hapo tukimsubiri aamke vizuri.

"Umeahidi," nikamwambia.

"Nisamehe, dada Boke."

"Njoo mwaka mmoja tu. Mwaka mmoja, Erasto, nikalale. Ukichoka utatafuta wako wa kubadilishana naye kama mimi."

"Wewe umetafuta miaka mingapi?"

Nilianza kupangusa vumbi kwenye kiti cha pikipiki.

"Kama nisingemsikia yule mama ningesaini," alisema. "Nakuapia, nilikuwa nimeshashusha kalamu. Sasa siwezi. Hapa kuna mtu mmoja tu, na nikisaini, mtu huyo ni mimi."

Niliomba tena. Sioni haya kusema niliomba, nilimshika mpaka mkono wa jaketi, kama mgonjwa anavyoomba dawa na mimi najua haipo stoo. Alinisikiliza kwa upole ule ule ninaowasikilizia wagonjwa. Alipopanda, jogoo alianza kupiga kelele, na niliendelea kumsikia mpaka pikipiki ilipopotea kwenye kona ya shule.

Nilirudi polepole. Njiani niliwachukia. Niseme tu ukweli, niliwachukia watu wote wa Nyabisenga, mmoja mmoja kwa jina, pamoja na watoto niliowatoa tumboni kwa mama zao. Kisha Agustina akaja mbio kunipokea, akanikumbatia kwa nguvu mpaka mgongo ukalia.

"Sista, tumesema! Umeona? Hatukunyamaza!"

"Mmefanya vizuri," nikasema.

Barua ilikuwa bado mezani, na ile nukta ya bluu. Niliikunja nikaiweka kabatini chini ya glavu. Siku tisa baadaye Erasto aliandika kwenye kundi: Nimepata, ahsanteni wote, Mungu awabariki. Alikuwa amempata nesi wa Mugumu mjini mwenye shida zake Tarime. Nikamtumia pongezi. Nikalirudisha tangazo langu, maneno yale yale. Wiki iliyofuata mtu wa mbali sana akaniuliza, Kituo kikoje? Nilianza kuandika, nikafuta, nikaanza tena, nikafuta. Sijamjibu mpaka leo.

Jumapili moja ya mwezi wa tisa kulitangazwa jambo kanisani na mimi sikuwepo, nilikuwa na mgonjwa. Jumatatu niliona watu wakipita dirishani na majembe, wakielekea mtoni. Wanaume walikuwa wanachimba udongo, wanawake wanateka maji kwa yale madumu ya njano, vijana wanafyatua matofali na kuyapanga juani. Nilimuuliza Mzee Tomaso wanajenga nini.

"Nyumba ya nesi wa pili," alisema. "Wilaya watamleta, akikuta hana pa kulala atakimbia. Tumeona tuwatangulie. Wewe ndiye mkubwa wake, utachagua utakaa ipi."

Alikuwa na matope mpaka magotini, na umri wake ni miaka sabini na kitu. Ningemwambia nini? Nikimwambia hakuna anayekuja, ataniuliza yule mgeni aliandika nini. Nilimwambia kazi njema. Kila siku baada ya hapo nilijiambia nitasema kesho, na kila kesho matofali yalikuwa yameongezeka. Mwezi wa kumi wakawasha tanuru, moshi ukawa unaingia mpaka wodini, na wagonjwa wa kikohozi wakawa wanauvumilia kwa furaha, wakijua ni moshi wa nini. Mwezi wa kumi na moja msingi ukachimbwa, hatua ishirini kutoka mlango wangu.

Nusu yao hawajauza mazao vizuri mwaka huu. Agustina hajalipwa miezi minne. Akimaliza kufagia kwangu huenda kule kubeba matofali, mawili mawili kichwani, na jioni anarudi kuniambia wamefika wapi. Mimi nimekonda. Juzi nilimwandikia mtoto dozi ya mtu mzima, na mama yake ndiye aliyeniuliza, "Sista, ni vyote hivi?"

Leo asubuhi Agustina aliingia akihema, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi.

"Sista, fundi anauliza. Huyo anayekuja ni mwanaume au mwanamke? Anataka kujua bafu aliweke wapi."

Nyuma yake, kwenye korido, alikuwa amesimama mama mjamzito, mkono mmoja ukutani, madumu yake mawili yako chini kando ya miguu. Nilikuwa sijalala tangu juzi.

"Mwanamke," nikasema. "Aliweke nyuma, lisionekane kutoka barabarani."

Agustina akaitikia kwa furaha, akatoka mbio kumwambia fundi. Nikamwita yule mama, nikamsaidia kupanda kitandani, nikasogeza matofali yakae sawa, nikavaa glavu. Kisha nikamwambia kitu ninachowaambia wote siku hizi kabla hatujaanza.

"Ukiona nimefumba macho," nikamwambia, "nishike kola."